Msumari Mahali pa Fyuzi

Wazazi wenzangu, msisifie tu muziki wa gari. Shikeni na waya.

Mimi niliushika ule wa amplifaya mpya, uliopita chini ya kiti cha mjukuu wangu. Ulikuwa wa moto, ganda limelegea kama tambi.

“Fyuzi iko wapi?” nilimfokea mwanangu.

“Ilikuwa inaungua kila nikiongeza sauti, mama. Nimeweka msumari. Hebu sikia besi!”

Vioo vikatetemeka. Mtoto akapiga makofi, mkanda kifuani.

“Zima, mwendawazimu wewe!”

“Mama naye! Muziki umekushinda, unasingizia waya.”

Akaongeza. Moshi ukachungulia kwenye zulia, karibu na viatu vya mtoto. Baba yake bado anatikisa kichwa kufuata besi.

Nikaurukia mkanda, nikabonyeza kwa vidole gumba vyote viwili. Kitufe kikagoma.