Sare ya Darasa la Saba

Sare ya darasa la nne ilikuwa imeshashonwa, na mtoto mwenyewe hata la kwanza hajaingia.

Baba yake, fundi cherehani, hakusimamisha mashine tangu aliposikia majibu. Kikohozi kilikuwa kimemkondesha, na miadi ya daktari bingwa ilikuwa mwezi ujao. Basi mkewe, mtu wa maabara, akampima mwenyewe kwa zile chipu mpya: kijioo cha ukubwa wa stempu, ndani mna mifereji miwili myembamba kama unywele. Tone la damu ya mgonjwa huku, tone la mzima wa kulinganishia kule. Mzima alikuwa mke mwenyewe, mtu ambaye hata mafua hayamjui. Mifereji ilipishana katikati, ikatokea kwenye vidirisha viwili, na kimoja kilikuwa na herufi M. M ya mgonjwa, hilo nalo la kuuliza?

Kidirisha cha M kikawa chekundu. Saratani ya damu. Kile kingine kikabaki cheupe. Alirudia mara tatu, majibu yaleyale, akalia mpaka machozi yakamkauka.

Mume ndiye aliyembembeleza. "Asiyekuwepo na lake halipo," alimwambia huku akitunga uzi, "lakini mimi langu litakuwepo, kabatini. Baba anaweza kukosekana, mke wangu. Mama yupo." Akakata kitambaa cha darasa la tano.

Chipu zilipokwisha, mke alikwenda karakana zinakotengenezwa, jengo la pili, kuchukua kasha jingine. Mchongaji wa zile herufi alikuwa mzee wa maneno mengi. Mke akamwomba aikuze ile M kidogo, macho yake yamechoka kwa kulia. Mzee akacheka, akasema nafasi ni finyu, hata neno zima halikuenea.

"Neno gani, mzee wangu?"

"Si hilo hilo, mzima. Mgonjwa nilimwacha bila herufi, binti yangu. Nani anapenda kuandikwa mgonjwa?"

Alifika nyumbani jua bado lipo. Akamwambia mumewe kwamba majibu yalisomwa vibaya, hana saratani, kikohozi ni kikohozi tu. Mume aliruka kutoka kwenye cherehani, akamkumbatia, akacheka huku analia. Akasema sare zilizobaki zitangoja, mtoto akue kwanza.

Mke akavuta kigoda, akakaa kwenye cherehani.

"Nionyeshe uzi unapopita," alisema. "La sita na la saba nishone mimi."