Foleni ya Bombani

Kwa mtihani wake wa uzamili wa historia ya umma, Zawena alipanga mawe kumi na moja ukumbini mwa makumbusho. Ndiyo mawe ambayo wanawake wa mtaa wake walishikia nafasi bombani, enzi za maji ya mgao. Wenye mawe aliwaalika wote.

Profesa alikuwa akikagua, faili la alama kwapani, Bi Mwamtoro alipovuka kamba na kuliinua jiwe lake.

"Mama, vitu vya maonyesho haviguswi!" profesa alimaka.

"Mwanangu, mimi nilikuwa wa tatu. Hapa nimewekwa wa saba."

Zawena alijua matokeo yake yamo kwenye faili lile. Hata hivyo akaifungua kamba.

"Liweke panapostahili, bibi."

Wengine nao wakaingia, wakabishana, wakasogeza, hadi kila mmoja akasimama nyuma ya jiwe lake, kifua mbele.

"Na mimi nisimame wapi?" profesa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwisho," alijibu Bi Mwamtoro bila kugeuka. "Wewe umefika leo."

Profesa akaenda mwisho wa foleni, akainama, akaliweka faili lake sakafuni, sambamba na mawe.