Madoa ya Mama Vifungo

"Geuza simu, mama. Sasa naona dari," alisema daktari wa ngozi.

Mama Vifungo, fundi cherehani, akaigeuza. Daktari akaona sakafu.

Hiyo ilikuwa mara ya nne kuigeuza. Kabla ya kupiga simu ya video, Mama Vifungo alikuwa amemfungia binti yake chumbani na kumwonya asitoe hata kikohozi. Binti alikaa nyuma ya mlango, roho juu, akitafuna kucha.

Hatimaye mkono ukatokea kwenye skrini, na madoa mekundu sita.

"Yanawasha?"

"Si wewe ndiye daktari? Niambie wewe."

Daktari alicheka kidogo, akauliza upya, polepole. Yalianza lini? Amebadilisha sabuni? Kila swali Mama Vifungo alitaka lirudiwe, kisha akajibu nusu na kuongeza maswali yake. Una umri gani? Unaishi na nani? Ukikasirika unafanya nini?

"Natoka nje, natembea kidogo," daktari alijibu. "Hebu sogeza mkono kwenye mwanga. Mbona madoa yamejipanga mstari, kama yamepimwa kwa rula?"

"Ugonjwa wangu una adabu. Niandikie dawa, tena kali, niende zangu."

"Kwa picha hii siwezi, mama. Sitaki kubahatisha na ngozi yako. Njoo kliniki nikuone kwa macho."

"Mwenzako wa wiki jana aliniandikia dawa tatu bila kuuliza lolote!" alifoka Mama Vifungo. "Wewe ulisomea nini? Kupiga soga?"

Nyuma ya mlango, binti alifumba macho.

Kisha daktari akasema, kwa sauti ileile aliyoanza nayo, "Pole, mama. Kuwashwa kunachosha, najua. Njoo kesho asubuhi, nitakuona wa kwanza. Nikiwa nimekosea, utanisema hukohuko mbele ya watu."

Mama Vifungo alikata simu bila kuaga. Akaguna. Akachukua kitambaa kibichi, akafuta mkononi madoa yote sita ya chaki ya kushonea, kisha akaenda kufungua mlango wa chumbani.

"Mwambie huyo mchumba wako daktari awalete wazazi wake," alimwambia binti. "Huyo atakuweza."