Krismasi ya Julai, Sehemu ya Pili

"Mwambie avue viatu," Lorne alisema, lakini yule mwigizaji alikuwa ameshavivua na kuvipanga kwenye trei ya mlangoni, na Verna alikuwa ameshamrukia shingoni.

"Mwanangu! Umekonda, jamani. Huko hawakulishi?"

"Wananilisha, mama. Kazi tu ndizo zinazotumaliza."

Lorne aligeuza uso. Amekonda wapi, na kitambi kile?

Kukumbatiana huku alikujua. Kulirekodiwa papa hapa mlangoni pake, ile Julai watu wa televisheni walipokuja na malori yao kutengeneza filamu ya mapenzi ya Krismasi. Mji mzima unajua kwamba Krismasi za televisheni hurekodiwa wakati wa joto. Kijana anarudi kwao kutoka mji mkubwa, anamkumbatia mama yake, anampenda binti mwoka mikate, basi, imekwisha. Waigizaji walivaa makoti ya sufu huku jasho likiwatiririka. Theluji yenyewe ilikuwa karatasi iliyosagwa, ikaganda kwenye nyasi mpaka miti ilipoanza kupukutisha majani.

Aliyeumia ni Verna. Siku zote zile aliwapikia wale vijana, akawaita wanangu, akamzoea hasa yule aliyeigiza mtoto wa nyumba. Kisha asubuhi moja wakabandua mapambo, wakapakia mti, wakaondoka bila hata kuaga. Verna alilia jikoni juma zima. Lorne akaapa kwamba watu wale hawataikanyaga tena nyumba yake.

Na sasa wameikanyaga. Sehemu ya pili, bila shaka, maana ile ya kwanza ilipendwa sana. Safari hii wana fedha. Theluji yao inayeyuka mkononi, na baridi waliyoileta, sijui kwa mitambo gani, imetia ukungu madirisha yote. Kamera hata hazionekani. Kuna kabinti tu kenye kofia ya sufu kanakozunguka na simu.

"Babu, tabasamu kidogo," kabinti kakasema.

Lorne akatabasamu. Angefanya nini? Hakuna aliyemwomba ruhusa, na walikuwa wengi, wamejaa sebuleni, wanacheka, wanafungua makabati yake kana kwamba wanajua sahani zinakaa wapi.

"Baba, umekula?" mwigizaji akamuuliza. Sahani ya bata mzinga ilikuwa mbele ya Lorne.

"Nimekula."

Baada ya kitambo akauliza tena, kwa sauti ileile na uso uleule. Lorne hakushangaa. Ndivyo wanavyofanya hawa, wanarudia kipande kimoja mpaka mkubwa wao aridhike. Naye akajibu vilevile, asije akawaharibia kazi, ingawa moyoni alitamani kuwatimua wote.

Alimfuata mkewe jikoni.

"Verna, huyu siye yule wa zamani. Yule alikuwa na nywele tele."

"Watu huzeeka, mpenzi."

"Wakimaliza wataondoka, nawe utalia tena."

"Wataondoka Jumapili." Verna alijifuta macho kwa aproni. "Na nitalia, ndiyo. Niache kwanza nimfaidi."

Lorne alisimama pale. Alimpenda mwanamke huyu kuliko kitu chochote, na alikuwa anamwona akitumbukia shimoni mchana kweupe, asiweze kumshika hata mkono. Nguvu za kupigana na watu wa televisheni hakuwa nazo. Alibaki na maneno tu.

Akarudi sebuleni, akaketi kwenye kochi karibu na mwigizaji.

"Bwana mdogo, unaigiza vizuri, sikatai. Lakini yule ni mke wangu, na kichwa chake siku hizi hakiko sawa. Anadhani wewe ni mwanawe kweli."

Mwigizaji aliinamisha uso. Kipara chake kiling'aa kwa taa za mti.

"Nimekuelewa, mzee."

"Usimtoroke kama wale wenzako. Muage."

"Nitamuaga. Naahidi."

"Sisi mtoto wetu tunaye. Garth. Yuko Alberta, kwenye visima vya mafuta. Angekuwapo, msingethubutu kuingia humu."

"Ni mtoto mwema?"

"Mwema sana. Ila haji."

Machozi yalimtoka mwigizaji, akayafuta kwa kiganja, wala kale kabinti ka simu hakakuwa karibu. Lorne alimwonea huruma. Kazi gani hii ya kulia hata watu wakiwa hawakutazami?

"Usinielewe vibaya," Lorne alisema. "Sina ugomvi na wewe, wewe umetumwa tu. Lakini nitampigia mwanangu aje azungumze na wakubwa wenu. Mimi hawanisikilizi."

"Mpigie, mzee," mwigizaji akasema taratibu. "Mpigie tu."

Lorne akajikongoja hadi kwenye simu ya ukutani. Mengi yanamponyoka siku hizi, majina ya majirani, mahali alipoweka miwani, lakini namba ya Garth vidole vyake vinaijua vyenyewe. Akabonyeza, akaegemeza paji la uso ukutani, akaomba kimoyomoyo ipokelewe.

Ikapokelewa.

"Garth? Mwanangu, njoo nyumbani. Watu wa filamu wamerudi, na mama yako wataniulia kwa majonzi. Siwawezi peke yangu, Garth. Nakuomba, njoo."

"Nakuja, baba," akasema yule mwenye kipara, akiwa bado ameketi kwenye kochi nyuma ya Lorne, simu ikiwa sikioni. "Nakuja sasa hivi."