Tangazo la Mlangoni

Karani wa manispaa alikuwa akipanda ngazi kuja kuhesabu familia, na picha ya mama mkwe wa Nevena bado ilikuwa imebandikwa mlangoni, kwenye tangazo la msiba.

Familia ya watu watano ndiyo ingepewa nyumba. Wanne wangezidi kungoja.

Nevena alilikwangua tangazo kwa kucha, kucha moja ikakatika. Akajifungia ndani, akangoja hodi. Ilipopigwa, akafungua.

"Bado mko watano, dada?" karani aliuliza.

"Watano. Mama amelala, anaumwa."

Karani aliutazama mlango, penye gundi na damu mbichi. Akavua kofia.

"Pole kwa msiba," alisema taratibu. "Kule chini, kwenye lango la jengo, mmebandika tangazo jingine."