Kushoto Kidogo

Siku ile fundi aliongea na kila mtu na kila kitu pale gereji, hata na betri iliyokufa, isipokuwa mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu.

Haikuwa jeuri, ilikuwa aibu. Mama yake alimlea kwa makonzi: mlemavu hakodolewi macho. Somo likamkolea kupita kiasi. Macho hayana pazia, wanasema, lakini ya fundi yalikuwa nalo, na lilishuka lenyewe kila mwanamke yule alipomgeukia.

Magari ya watu wa viti alishatengeneza mengi, na hakuna hata moja lililowahi kurudishwa. Ila yaliletwa na watoto wao, wapwa wao, madereva wao. Mwenye kiti mwenyewe hakuwahi kufika. Huyu alikuja na mumewe, gari likiendeshwa na jirani yao aliyewateremsha mlangoni kisha akawahi shughuli zake.

"Mzee, mgonjwa tumweke vipi?" fundi alimuuliza mume huku ameinamia tairi.

"Si mgonjwa. Na gari ni lake," mume akajibu kwa upole. "Muulize mwenyewe."

Fundi akahisi masikio yakimwaka. Akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na maana, akazidi kuinamia tairi.

"Fundi, nisikilize mimi," mwanamke akasema. "Jumatatu naanza kazi. Wameshanisubiri mara mbili, ya tatu nafasi inakwenda kwa mwingine. Na nimechoka kubebwa. Kila gari ninalopanda, mwanamume nisiyemjua ananinyanyua kama gunia, halafu mimi ndiye ninayeomba radhi."

Maneno hayo yalimchoma fundi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwanamke akaendelea kueleza, kwa kirefu, akionyesha hiki na kile kwa mkono. Fundi akaitikia "ndiyo, mama," "sawa, mama," bila kuinua kichwa, akikaza nati iliyokwisha kukazwa. Yote yaliyofuata yaliingia sikio hili yakatokea lile.

"Tumeelewana?" mwanamke akauliza.

"Kabisa, mama. Ndiyo kazi yangu."

Angemwambiaje arudie? Angejulikana kwamba hakuwa akisikiliza. Na kwani kulikuwa na jipya? Wateja wake wote walitaka yale yale.

Wiki nzima alifanya kazi kama mtu anayelipia kosa. Aling'oa kiti cha abiria wa mbele, akafunga kingine kinachozunguka na kutoka hadi nje ya mlango, ili mama wa watu ahamie mwenyewe bila kushikwa. Akakishonea kitambaa kipya, laini. Nyuma akatenga nafasi ya kiti cha magurudumu, na ndoano za kukibana. Alikikalia kile kiti kipya cha mbele, akakizungusha, akakizungusha tena, na kifua kikamlegea kidogo. Hakuna atakayembeba tena, alijiambia.

Ijumaa walikuja wenyewe, mume akisukuma kiti, mke akitoa amri.

"Kushoto kidogo, kuna shimo. Haya, nyooka."

"Mzee, naona usukani kaushika mama," fundi akatania.

"Tangu tuoane," mume akajibu, na wote wakacheka, hata mwanamke.

Fundi akafarijika kupata wa kuongea naye. Akafungua mlango wa abiria, akaeleza kila kitu: kitufe hiki, mkanda huu, ndoano zile. Mume akakipapasa kitambaa, akasifu mshono. Kiti kikazunguka, kikatoka nje taratibu bila hata kulia.

Mwanamke hakukitazama. Alijisukuma hadi mlango wa upande wa pili, akaufungua, akachungulia chini ya usukani. 

"Na breki, fundi?"

"Breki nzima, mama. Sikuzigusa."

"Na pedali ya mafuta?"

"Hata hiyo. Ziko vile vile zilivyotoka kiwandani, za kukanyagwa kwa mguu."

Mwanamke akainamisha kichwa. Mikono yake ikalala mapajani. "Jumatatu," akasema, na hakuonekana kumwambia mtu.

Fundi akaona mabega yake yakitikisika, akadhani ni furaha, na aibu yake ya siku zote ikamrudia. Hakujua aweke wapi macho. Akageuka haraka, akatoa funguo mfukoni, akamrushia mume.

"Haya, mzee. Jumatatu umpeleke mama kazini."

Mume hakuinua mkono. Funguo zikamgonga kifuani, zikaanguka sakafuni. Akachutama, akaanza kupapasa saruji kwa viganja, mbali na zilipo, uso wake ukiwa umeelekea ukutani.

"Kushoto kidogo," mwanamke akamwambia. "Hapo, karibu na kiatu cha fundi. Ziokote, unipe mimi, dereva wako."