Paa Alilolichagua Ambilikile

Tangu wafu waanze kurushwa angani waizunguke dunia badala ya kuzikwa, kila mtu huchagua kwenye wosia wake nyumba moja apite juu yake, utosini kabisa. Ndiyo maana wajane walijaa kwenye chama cha watazama nyota cha Uyole.

Tusekile hakukosa matembezi ya chama hata mwezi mmoja. Marehemu mumewe, Ambilikile, alikuwa amemwapia kwamba amechagua nyumba yao. Lakini kila jioni alipita kama cheche, chini sana, kule magharibi karibu na vilima.

Leo, baada ya mhadhara wa Mwalimu Kalinga, akamuuliza sababu.

Mwalimu akapima kwenye ramani. "Mama, huyu utosini anapita Kigoma," alisema, kisha akatamani ayameze maneno yake.

Kigoma! Miaka ishirini na miwili ya safari za lori kwenda huko, na yeye ndiye aliyekuwa akimfungia maandazi ya njiani. Kumbe hata kufa alikwenda safari ileile.

Cheche ikachomoza. Wenzake wakampisha kwenye darubini. Tusekile hakuinama.

"Tukuandikieje, mama?" aliuliza katibu wa chama, daftari la walichokiona mkononi.

"Andika kulikuwa na mawingu."

Katibu akatazama juu. Anga lilikuwa safi, bila wingu hata moja. Akaandika.